Kutengeneza Konsoli ya Intapreta ya Lugha ya Programu: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Maelezo haya ni kwa ajili ya mtu ambaye tayari ana lugha ndogo ya programu, iwe ameitunga mwenyewe au amekabidhiwa kuitunza, na ambaye sasa anataka watumiaji wake waandike mstari, wabonyeze Enter na waone jibu papo hapo. Mifano mingi imechukuliwa kutoka Python na Lua, kwa sababu msimbo wa konsoli za lugha hizo mbili uko wazi kwa kila mtu kuusoma, na kila moja imelitatua kwa njia yake tatizo ambalo watengenezaji wengi hulidharau: kujua kama mtumiaji amemaliza kusema alichotaka kusema.

Konsoli ya intapreta hufanya kazi gani hasa?

Intapreta ni programu inayosoma msimbo na kuutekeleza moja kwa moja. Konsoli yake hufanya mambo manne, kisha huyarudia. Husoma alichoandika mtumiaji, hukitathmini, huonyesha thamani iliyopatikana, halafu hurudi mwanzo kusubiri tena. Mpangilio huu ulitoka katika Lisp, lugha iliyoanzishwa na John McCarthy katika chuo cha MIT mwaka 1958, ambamo kusoma, kutathmini na kuonyesha zilikuwa fanksheni tatu zinazoweza kuitwa moja ndani ya nyingine. Kufikia mwaka 1964 kulikuwa na Lisp ya kompyuta ya PDP-1, kazi ya L. Peter Deutsch, ambayo mtu aliitumia akiwa ameketi mbele ya mashine na kujibiwa hapo hapo, badala ya kukabidhi kadi zilizotobolewa zenye programu yake na kusubiri matokeo.

Tofauti kubwa kati ya konsoli na kuendesha faili ni kumbukumbu. Faili huanza upya kila inapoendeshwa. Konsoli, kwa upande wake, hubeba kila kibadilika na kila fanksheni iliyotajwa tangu ilipofunguliwa, na mtumiaji hujenga juu ya vitu hivyo hatua kwa hatua. Ndiyo maana uamuzi wowote unaohatarisha kumbukumbu hiyo, hata kama unarahisisha msimbo, haufai.

Je, kiini cha konsoli ni kirefu kiasi gani?

Ni kifupi. Ukiwa na kichanganuzi cha sarufi (kinachogeuza maandishi kuwa mti wa kisarufi) na kitathmini (kinachoutekeleza mti huo), kiini chote kinaweza kuandikwa hivi katika Python:

```
def konsoli(mazingira):
    bafa = ""
    while True:
        try:
            mstari = input("... " if bafa else ">>> ")
        except EOFError:
            print()
            break
        except KeyboardInterrupt:
            print()
            bafa = ""
            continue
        bafa += mstari + "\n"
        try:
            mti = changanua(bafa)
        except Haijakamilika:
            continue
        except KosaLaSarufi as kosa:
            print(kosa)
            bafa = ""
            continue
        bafa = ""
        try:
            thamani = tathmini(mti, mazingira)
            if thamani is not None:
                print(onyesha(thamani))
        except KeyboardInterrupt:
            print("Imekatizwa.")
        except Exception as kosa:
            ripoti(kosa)
```

Karibu kila swali linalofuata linahusu mstari mmoja au miwili ya msimbo huu. Angalia kwamba `mazingira` huundwa nje ya kitanzi na haibadilishwi na kosa lolote. Kwamba bafa, yaani mahali yanapokusanywa maandishi ambayo bado hayajatekelezwa, husafishwa kabla ya tathmini kuanza, si baada yake. Na kwamba kuna aina mbili za kosa la sarufi zinazoshughulikiwa kwa njia mbili tofauti kabisa. Hilo la mwisho ndilo lenye uzito kuliko yote.

Konsoli itajuaje kwamba mtumiaji hajamaliza kuandika?

Mtumiaji anapoandika `hesabu(3,` na kubonyeza Enter, kuna maelezo mawili yanayowezekana: amekosea, au anaendelea. Katika faili swali hili halipo, kwa kuwa mwisho wa faili ni mwisho wa maneno. Katika konsoli swali hujitokeza kila mstari, na jibu baya huumiza kwa pande zote mbili. Konsoli inayotangaza kosa mapema humzuia mtu kuandika fanksheni ya mistari mitano. Konsoli inayosubiri bila sababu humwacha ameduwaa mbele ya vitone vitatu visivyoisha, asijue afanye nini ili atoke.

Jibu sahihi ni hili: maandishi hayajakamilika iwapo kichanganuzi kilifika mwisho wa maandishi bila kukuta tokeni (kipande kidogo cha msimbo, kama neno, namba au alama) yoyote isiyoruhusiwa, huku bado kikihitaji tokeni nyingine. Maandishi yana kosa iwapo kichanganuzi kilikuta tokeni isiyoruhusiwa kabla ya kufika mwisho. Kwa hiyo `hesabu(3,` haijakamilika, ilhali `hesabu(3,)))` ina kosa, na hakuna mstari wa ziada unaoweza kuiokoa.

Lua hutekeleza kanuni hii kwa unyofu wa kupendeza. Konsoli yake hujaribu kukompaili mstari, yaani kuutafsiri kuwa msimbo unaoweza kutekelezwa. Ukishindikana, hutazama kama ujumbe wa kosa unaishia na alama `<eof>`, yaani kama kilichokisumbua kichanganuzi ni mwisho wa maandishi wenyewe. Ikiwa ndivyo, konsoli hubadilisha alama ya kusubiri kutoka `>` kuwa `>>`, husoma mstari mwingine, huuunganisha na ule wa kwanza na kujaribu tena. Hakuna mashine ya ziada.

Python ilipita njia ndefu zaidi. Moduli yake ya `codeop` ina fanksheni `compile_command`, ambayo hurudisha msimbo uliokompailiwa iwapo maandishi ni kamili, hurudisha `None` iwapo hayajakamilika, na hutoa kosa iwapo yana kasoro. Kwa miaka mingi fanksheni hiyo ilikompaili maandishi yale yale mara tatu: yakiwa kama yalivyo, yakiwa na mstari mpya mmoja mwishoni, na yakiwa na mistari mipya miwili. Kosa likibaki lile lile katika majaribio mawili ya mwisho, maandishi yalihesabiwa kuwa mabovu. Kosa likibadilika, ilichukuliwa kwamba mtumiaji bado anaendelea. Mbinu hiyo ilifanya kazi, lakini ilikuwa njia ya kuizunguka kompaila isiyotoa habari iliyokuwa nayo tayari. Matoleo ya karibuni yameipa kompaila yenyewe uwezo wa kusema kwamba maandishi hayajakamilika. Anayeandika kichanganuzi chake leo hana sababu ya kurudia safari hiyo: atangaze aina maalumu ya kosa, kama `Haijakamilika` katika mfano wa juu, na kichanganuzi kiitoe kila kinapokutana na tokeni ya mwisho mahali ambapo kilitarajia kitu kingine.

Je, kuhesabu mabano na alama za nukuu hakutoshi?

Hakutoshi, na waandishi wa Kiswahili wataliona hilo mapema kuliko wengine. Chukua mstari huu:

```
jumla = 12   # idadi ya ng'ombe
```

Kihesabuji cha alama za nukuu kitaona ritifaa (') moja tu, kitadhani kuna matini (maandishi yaliyo ndani ya alama za nukuu) iliyofunguliwa na haijafungwa, na konsoli itasubiri milele mstari wa kuifunga. Hali ni ileile kwa `"ng'ombe"`, ambayo ni matini halali ndani ya nukuu mbili lakini ina ritifaa isiyo na mwenzake. Mabano yaliyo ndani ya matini au ndani ya maelezo ya pembeni (hapa, yale yanayofuata `#`) huleta usumbufu wa aina hiyo hiyo. Ili kihesabuji kisikosee, itabidi kijue matini zinaanzia na kuishia wapi, maelezo yanaanzia wapi, na alama ya kukwepesha (inayofanya alama inayofuata isomwe kama herufi ya kawaida) inafanya nini. Na kikishajua yote hayo, kitakuwa kimekuwa kichanganuzi cha pili cha lugha ile ile, ambacho siku moja kitapingana na kile cha kwanza. Ni heri kuwa na kimoja.

Kwa nini Python hudai mstari mtupu baada ya fanksheni, na je, lugha yangu ifanye vivyo hivyo?

Python hutumia ujongezaji wa mistari kuonyesha mwisho wa fungu la kauli, kwa hiyo baada ya mstari wowote ulio ndani ya `def` au `if` inawezekana kabisa kwamba mwingine unafuata. Sarufi peke yake haiwezi kuamua. Konsoli imelazimika kuweka kanuni yake ya ziada, kwamba mstari mtupu hufunga fungu, na gharama ya kanuni hiyo huonekana pale mtu anaponakili fanksheni yenye mstari mtupu katikati na kuibandika katika konsoli ya zamani: nusu ya kwanza hutekelezwa, na nusu ya pili huleta kosa la ujongezaji.

Lugha nyingine huepuka tatizo kwa kuwa na alama ya wazi ya mwisho. OCaml katika konsoli hutumia nukta-mkato mbili, Prolog na Erlang hutumia nukta, na `psql`, konsoli ya PostgreSQL, husubiri nukta-mkato. Konsoli hiyo ya mwisho inastahili kuigwa kwa jambo jingine: alama yake ya kusubiri hubadilika kulingana na kilichobaki wazi, ikionyesha kistari iwapo kauli haijaisha, mabano iwapo mabano hayajafungwa, na alama ya nukuu iwapo matini haijafungwa. Mtumiaji aliyesahau kufunga nukuu huambiwa hivyo bila kuuliza. Kama lugha yako ina `mwisho` au mabano ya kufunga fungu, huhitaji kanuni ya mstari mtupu kabisa, na usiiweke.

Ni lini konsoli ionyeshe thamani, na ni lini inyamaze?

Usemi, kama `x + 2`, una thamani na mtumiaji anatarajia kuiona. Kauli, kama `x = 5`, hufanya jambo na haina cha kuonyesha. Python hutenganisha mambo haya kwa kukompaili katika hali iitwayo `single`, ambamo kila usemi unaosimama peke yake hupelekwa kwa fanksheni `sys.displayhook`. Fanksheni hiyo hunyamaza ikipewa `None`. Vinginevyo huandika thamani na kuihifadhi katika jina `_`, ili mtumiaji aweze kuendelea na jibu lililotangulia bila kuliandika upya. Lua, kuanzia toleo la 5.3, hujaribu kwanza kuweka neno `return` mbele ya mstari. Ukikubalika kisarufi, basi ulikuwa usemi, na thamani zake huonyeshwa.

Kuna jambo moja ambalo husahaulika. Kuonyesha ni kazi inayoweza kushindwa yenyewe, hata kama tathmini imefaulu. Katika Python ya 3.11 na matoleo ya baadaye, ukiandika `10**5000` hesabu hukamilika, lakini kuigeuza namba hiyo kuwa maandishi hukataliwa, kwa kuwa kuna kikomo cha tarakimu 4300. Vitu vilivyoundwa na mtumiaji mwenyewe vinaweza kuwa na fanksheni mbovu ya kujieleza. Kwa sababu hiyo `onyesha` katika mfano wa juu imewekwa ndani ya `try` ile ile ya tathmini.

Thamani ionyeshwe kwa namna inayotofautisha aina. Matini `5` na namba `5` zikionekana sawa kwenye skrini, konsoli itakuwa imemficha mwanafunzi jambo ambalo pengine ndilo alikuwa akilitafuta.

Kosa likitokea katikati ya utekelezaji, hali iliyopo irudishwe ilivyokuwa?

Hapana. Kilichofanyika kabla ya kosa kibaki, kwa kuwa ndivyo programu ya kawaida inavyofanya, na mtumiaji anahitaji kuchunguza vibadilika vilivyo mahali pale pale vilipofikia. Kinachopaswa kurudishwa ni hali ya intapreta yenyewe: rundo la miito (orodha ya fanksheni zilizoitwa na bado hazijamaliza) lirudi chini, mawanda (eneo ambamo majina hujulikana) ya ndani ya fanksheni iliyoanguka yafutwe, na kitanzi kirejee kwenye mawanda ya juu. Intapreta nyingi zilizoandikwa kwa ajili ya faili tu huacha rundo hilo lilivyo kwa kuwa mchakato hufa hata hivyo. Zikihamishiwa kwenye konsoli, kosa la kwanza huacha mabaki, na kosa la kumi huleta tabia isiyoelezeka.

Ripoti ya kosa isitaje fremu (miito ya fanksheni) za konsoli yenyewe. Mtumiaji aliyeandika `1/0` hana haja ya kujua kwamba `tathmini` iliitwa na `konsoli`. Vilevile, hifadhi maandishi ya kila ingizo pamoja na namba yake, kwa sababu fanksheni iliyoandikwa katika ingizo la tatu inaweza kuanguka katika ingizo la arobaini, na ripoti itahitaji kuonyesha mstari husika. Konsoli ya kawaida ya Python ilikosa huduma hiyo kwa muda mrefu. Toleo la 3.13, lililotoka Oktoba 2024, hulipa kila ingizo jina la aina ya `<python-input-0>` na kuweza kuonyesha mstari wenyewe.

Ctrl-C na Ctrl-D zifanye nini?

Ctrl-C isifunge konsoli kamwe. Mtumiaji akiibonyeza wakati anaandika, konsoli itupe alichokiandika na impe alama mpya ya kusubiri. Akiibonyeza wakati programu inaendesha kitanzi kisichoisha, programu ikatizwe na kumbukumbu yote ibaki. Katika Linux na macOS, teminali hutuma ishara iitwayo SIGINT kwa mchakato ulio mbele. Ikiwa intapreta yako imeandikwa kwa C, kishughulikizi cha ishara hiyo kisifanye zaidi ya kuinua bendera moja, na kitanzi cha utekelezaji kiitazame bendera hiyo mara kwa mara, kwa sababu kazi nyingi, hata kuomba kumbukumbu kwa `malloc`, si salama ndani ya kishughulikizi.

Ctrl-D mwanzoni mwa mstari humaanisha mwisho wa maandishi, na konsoli ifunge kwa utulivu. Kwenye Windows kazi hiyo hufanywa na Ctrl-Z ikifuatiwa na Enter. Na kama kinachoingia hakitoki kwenye teminali bali kwenye faili au programu nyingine, jambo linalojulikana kwa kuita `isatty`, konsoli isiandike salamu wala alama za kusubiri.

Mtumiaji akiandika upya fanksheni iliyokuwepo, fanksheni nyingine zinazoiita zitumie ipi?

Hapa pana njia mbili, na zote zina heshima. Katika Python na Lisp, fanksheni hutafuta jina la mwenzake wakati wa kuitwa. Kwa hiyo ukiandika `kodi` upya, fanksheni `mshahara` inayoiita itatumia ile mpya mara moja. Katika OCaml, jina jipya hufunika la zamani kwa maandishi yatakayofuata tu, na `mshahara` iliyotangulia itaendelea kuitumia `kodi` ya awali hadi nayo iandikwe upya.

Kwa konsoli ya kujifunzia na kujaribia, njia ya kwanza ni bora, kwa sababu mtu hurekebisha kipande kimoja na kutarajia kizima kibadilike. Njia ya pili hulinda usahihi wa aina, kwa kuwa `kodi` mpya inaweza kurudisha aina nyingine ya thamani. Chochote utakachochagua, angalia nakala zilizofichika. Hata Python yenyewe huwakanganya watu hapa: aliyeandika `from malipo import kodi`, kisha akabadilisha faili na kuita `importlib.reload`, bado anashika fanksheni ya zamani, kwa kuwa jina `kodi` katika konsoli linaelekeza kwenye kitu kile kile cha mwanzo.

Niandike mwenyewe uwezo wa kuhariri mstari na kukumbuka amri zilizopita?

Usianze huko. Kwanza jaribu kuendesha konsoli yako chini ya `rlwrap`, programu ndogo inayoipa programu nyingine yoyote uhariri wa mstari na historia bila kubadilisha msimbo hata kidogo. Ukiridhika kwamba konsoli inafaa, chagua maktaba. GNU Readline ndiyo kongwe na yenye uwezo mkubwa, lakini iko chini ya leseni ya GPL, inayotaka programu inayoiunganisha nayo isambazwe kwa masharti hayo hayo, jambo linalohusu moja kwa moja leseni ya lugha yako. Libedit na linenoise zina leseni ya BSD. Linenoise ni ndogo kiasi kwamba mtu anaweza kuisoma yote na kuielewa. Kwa anayetumia Python ipo prompt_toolkit, ambayo ndiyo iliyo chini ya IPython tangu toleo lake la 5.

Mambo mawili husumbua karibu kila mtu. La kwanza ni rangi katika alama ya kusubiri: Readline huhesabu herufi ili kujua kielekezi kiko wapi, na misimbo ya rangi haichukui nafasi kwenye skrini, kwa hiyo lazima izungushiwe kwa alama `\001` na `\002`, la sivyo mstari mrefu utajiandika juu yake wenyewe. La pili ni ubandikaji wa mistari mingi. Teminali za kisasa zinaweza kuombwa kuzungushia maandishi yaliyobandikwa kwa alama maalumu za mwanzo na mwisho, na konsoli inayozitambua huweza kuyapokea yote kama ingizo moja badala ya kuyatekeleza mstari kwa mstari.

Faili la historia lipewe ruhusa ya mwenye akaunti pekee. Watu huandika nywila ndani ya konsoli.

Ukamilishaji wa majina kwa kitufe cha Tab una hatari gani?

Kukamilisha jina la kawaida ni kazi nyepesi: orodhesha maneno ya lugha na majina yaliyomo katika mazingira. Hatari huanza baada ya nukta. Ili kujua `mteja.anwani.` ina sifa gani, konsoli hulazimika kutathmini `mteja.anwani`, na katika lugha zenye sifa zinazokokotolewa, hiyo ni kuendesha msimbo wa mtumiaji kabla hajaomba. Kubonyeza Tab kusitume ombi kwenye hifadhidata wala kusiandike faili. Tathmini majina tu, usiite fanksheni yoyote kwa makusudi, na umeze kimya kosa lolote linalotokea njiani.

Amri za konsoli yenyewe, kama kufuta kumbukumbu au kupakia faili, ziandikweje?

Zianze na alama ambayo haiwezi kuanza kauli yoyote ya lugha. SQLite hutumia nukta, `psql` hutumia mkwaju wa nyuma, GHCi ya Haskell hutumia nukta-mbili, na JShell ya Java hutumia mkwaju. Usitumie maneno matupu, maana `toka` au `msaada` yaweza kuwa jina la kibadilika cha mtu.

Je, ujumbe wa makosa unaweza kuwa kwa Kiswahili?

Unaweza, na kwa lugha inayokusudiwa kufundishia, unastahili kuwa. Herufi si kikwazo, kwa kuwa Kiswahili sanifu huandikwa kwa herufi za Kilatini zisizo na alama za ziada. Kikwazo ni upatanisho wa kisarufi. Mtu aliyezoea kujenga ujumbe kwa kuunganisha vipande, jina la kitu hapa na kitenzi pale, atatoa sentensi mbovu: kibadilika *hakijulikani*, fanksheni *haijulikani*, majina *hayajulikani*. Andika sentensi nzima kwa kila aina ya kosa, ukiacha nafasi ya jina alilolitumia mtumiaji peke yake, nalo liwe ndani ya nukuu. Ujumbe useme kilichotarajiwa na kilichopatikana: «Ilitarajiwa namba baada ya `+`, lakini imepatikana matini» humsaidia mwanafunzi wa Kigoma au Kisumu kuliko «Kosa la aina».

Je, lugha inayokompailiwa inaweza kuwa na konsoli?

Ndiyo. Java ilipata JShell katika toleo la 9, mwaka 2017, na watafiti wa CERN, kituo cha Ulaya cha utafiti wa nyuklia, hutumia Cling, konsoli ya C++ iliyojengwa juu ya LLVM, mkusanyiko wa zana za kutengenezea kompaila. Kila ingizo hukompailiwa kama kipande kidogo na kupakiwa katika mchakato unaoendelea. JShell pia hukubali fanksheni inayoita jina ambalo bado halijaandikwa, na humwarifu mtumiaji kwamba fanksheni hiyo haiwezi kuitwa mpaka jina hilo lipatikane.

Naweza kuiweka konsoli kwenye tovuti ili wanafunzi waitumie kwa simu?

Usiiendeshe kwenye seva yako bila kizuizi cha mfumo endeshi. Kuondoa fanksheni hatari kutoka katika mazingira hakutoshi. Katika Python, hata mtu aliyenyimwa fanksheni zote za msingi anaweza kuanzia kwenye `()`, akapanda kupitia `__class__` na `__base__`, na kuorodhesha madaraja yote yaliyopakiwa ndani ya mchakato, hadi apate linalofungua faili. Kinachohitajika ni mchakato uliotengwa, wenye kikomo cha kumbukumbu, cha muda na cha mtandao, unaotupwa baada ya matumizi.

Njia ninayoipendekeza ni kuiendesha intapreta ndani ya kivinjari cha mwanafunzi. Pyodide, ambayo ni CPython (intapreta ya kawaida ya Python) iliyokompailiwa kuwa WebAssembly (aina ya msimbo ambayo kivinjari kinaweza kuiendesha), imeonyesha kwamba inawezekana. Hasara yake ni ukubwa: mwanafunzi hupakua megabaiti kadhaa mara ya kwanza, na kwa anayenunua bando la siku hilo si jambo dogo. Lugha ndogo uliyoiandika mwenyewe itakuwa nyepesi zaidi kwa mbali, na hapo una nafasi ya kuwahudumia watu hao vizuri kuliko lugha kubwa.

Nipimeje konsoli?

Tenganisha kiini na teminali. Kiini kiwe fanksheni inayopokea mstari na kurudisha moja ya majibu matatu: inaendelea, imekamilika na ina thamani, au ina kosa. Moduli ya `code` ya Python imejengwa hivyo: njia yake `push` hupokea mstari mmoja na kurudisha kweli iwapo unahitajika mwingine, bila kujua mstari umetoka wapi. Kiini cha aina hiyo hupimwa kwa orodha ya mistari na majibu yanayotarajiwa. Kwa yaliyobaki, yaani rangi, Tab na Ctrl-C, tumia pexpect, inayofungua teminali bandia na kuandika ndani yake kama mtu.

Majaribio ya kwanza kabisa yawe haya: mstari mtupu; maelezo ya pembeni yenye ritifaa; mabano yaliyofunguliwa, yakafuatwa na Ctrl-C, kisha `1 + 1`; kosa ndani ya fanksheni iliyoitwa na fanksheni nyingine, kisha kusoma kibadilika kilichowekwa kabla yake; kitu kisichoweza kuonyeshwa; na kitanzi kisichoisha kilichokatizwa. Baada ya kila moja, konsoli iwe hai, bafa iwe tupu, na kila kibadilika kilichowekwa awali kiwe kingali na thamani yake.